Kwa nini T-72 yangu inaonekana kama ya kuchezea?

Swali limetoka kwa msomaji wa Mombasa:

«Shikamoo fundi. Mwaka 2009 nikiwa bado shule ya msingi, baba alikuwa akifanya kazi bandarini Kilindini, na kila jioni alitusimulia habari za vifaru vya meli ya Faina. Tangu hapo T-72 haijanitoka kichwani. Mwaka jana nilinunua seti ya plastiki ya T-72M1, skeli ya 1/35, nikaiunga kwa kufuata karatasi ya maelekezo hatua kwa hatua, nikaipaka kijani. Hakuna kipande kilichobaki, lakini ukiitazama ni toi tu. Sasa nimepata seti ya pili, ileile. Nataka hii iwe sahihi kabisa, kama kifaru cha kweli kilichopunguzwa. Nianzie wapi? Na je, ninunue vile vipande vya shaba na mtutu wa chuma vinavyouzwa kando?»

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na swali la mwisho maana ndilo linalokula pesa: usinunue kitu kwa sasa. Nimeona watu wakitumia kwenye vipande vya shaba mara mbili ya bei ya seti yenyewe, kisha wakavibandika kwenye kifaru kilichokaa upande kama daladala iliyovunjika springi. Vipande vidogo havimponyi mgonjwa wa namna hiyo. Mtutu tutaurudia mbele.

Sasa hiyo T-72 ya utotoni. Meli ya Faina ilitekwa na maharamia wa Kisomali Septemba 2008 ikiwa na vifaru 33 vya T-72, ikaachiwa mwanzoni mwa Februari 2009 baada ya fidia kulipwa, na wiki moja baadaye ikaingia Mombasa. Vilikuwa vya nani, huo ubishi tuwaachie waliobishana. Kinachokuhusu wewe ni kwamba magazeti yote yaliandika «T-72», basi, na kwa muunga modeli neno hilo ni sawa na kumwambia fundi wa bodi «nitafutie mlango wa Corolla». Corolla ya mwaka gani?

T-72 iliingia jeshini katika Umoja wa Kisovyeti mwaka 1973, ikitoka kiwanda cha Nizhny Tagil, na toka siku hiyo haikuacha kubadilika. Ile ya kwanza, Ural, ilikuwa na kipima umbali cha vioo, na jicho lake la pili limetokeza upande wa kulia wa kichwa, yaani ile sehemu ya juu inayozunguka na mtutu. Ilipokuja leza, jicho hilo likaondoka. Taa kubwa ya infraredi, ambayo kwenye zile za mwanzo ilikaa kushoto kwa mtutu, ikahamia kulia. Ubavuni, Ural ina vibao vinne vinavyofunguka kama matamvua ya samaki. T-72A ya 1979 ikaja na sketi ndefu inayofunika ubavu mzima, na mirija 12 ya kurushia mabomu ya moshi mbele ya kichwa, 7 kushoto na 5 kulia. Ukienda kwenye T-72B ya 1985, mirija imehamia ubavu wa kushoto ili kupisha matofali ya baruti yanayokikinga kifaru na makombora. Hata magurudumu yana ukoo: kuna ya mbavu 8 na kuna ya mbavu 6.

Seti yako ni M1, toleo la kuuzwa nje, ambalo Poland na Czechoslovakia nazo zilikuwa zikilitengeneza. Ichukue modeli yako ya kwanza uitazame bamba la mbele, lile lililolala chini ya mtutu. M1 iliongezewa hapo bamba la chuma la milimita 16, lililochomelewa juu ya lile la zamani. Gawa kwa 35: unapata karibu nusu milimita. Yaani pale kwenye plastiki pana kingo nyembamba sana, kama ukucha ulioanza kuota, na kila anayeanza huipitishia msasa akidhani ni kasoro ya kiwandani. Mimi niliipitishia. Kama na wewe uliifuta, basi uliirudisha M1 yako kuwa T-72M, toleo lililoitangulia, kwa dakika tano za msasa, huku ile mirija 12 ikibaki mbele ikidai vinginevyo. Ndiyo maana jicho linagoma, hata la mtu asiyejua jina la kitu chochote pale.

Kwa hiyo nianzie wapi, umeuliza. Anza na picha. Chagua kifaru kimoja, kile pale, kilichopigwa picha siku moja, na kila uamuzi wako ukiulize kile. Usichukue mirija ya huyu, magurudumu ya yule na rangi ya yule mwingine. Tangu vita vya Ukraine vya 2022 tatizo limezidi, kwa sababu mafundi wa jeshini huko wanachomelea paa za nondo na vyuma vya kila aina, na hakuna vifaru viwili vinavyofanana. Ukichanganya picha tatu umeunga kifaru ambacho hakikuwahi kuwepo.

Kwa seti yako ningekushauri M1 ya jeshi la Ujerumani Mashariki. Nchi ile ilipoisha mwaka 1990 baadhi ya vifaru vyake viliishia makumbusho. Kipo Munster huko Ujerumani na kipo Bovington huko Uingereza. Faida yake ni moja tu lakini kubwa: hakisogei. Watu wamekizunguka kwa kamera miaka na miaka, juu, chini, nyuma ya ekzosi, mpaka mshono wa kuchomelea. Kifaru cha vitani utakipata upande mmoja, vumbi limejaa, na upande wa pili utaubuni. Tahadhari moja: cha makumbusho mara nyingi kimepakwa upya na vitu vidogo vimeng'oka. Umbo likubali, rangi usiikubali haraka.

Ukishapata kifaru chako, chukua rula, au bora kalipa ya plastiki, zinauzwa hata kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. T-72 ina urefu wa mita 9.53 mtutu ukiwa mbele, upana wa mita 3.59, kimo cha mita 2.23. Kwa skeli yako hiyo ni milimita 272, 102.6 na 63.7. Lakini kipimo bila kujua kimepimwa wapi mpaka wapi ni mtego. Upana ule ni pamoja na sketi za pembeni. Kimo kile kinaishia paa la kichwa, bunduki ya kamanda haimo. Nimewahi kumwona mtu akikata tumbo la kifaru kwa msumeno kwa sababu «kimezidi milimita tisa», kumbe alipima mpaka ncha ya bunduki.

Ukipima ukakuta tofauti ya nusu milimita, achana nayo. Nusu milimita ni sentimeta moja na robo tatu kwenye kitu cha tani 41. Kuna wenzetu wanaoumwa usiku kwa ajili ya hizo, na wengine ni rafiki zangu, ila jicho la binadamu halina kalipa. Jicho lina kitu kingine: linajua mkao. Linajua kama kitu kina uzito au hakina. Hata hii skeli ya 1/35 yenyewe haikuzaliwa na hesabu takatifu. Tamiya walipotengeneza kifaru chao cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960, walikipa ukubwa wa kutosha mota na betri ndani, na walipopima baadaye ikaonekana ni kama 1/35. Leo dunia nzima inafuata betri zile.

Sasa nikuonyeshe kipimo ninachokiamini kuliko kalipa. Kinahitaji simu yako tu.

Mtu aliyepiga picha ya kifaru cha kweli alisimama mahali fulani. Tuseme mita 10, kamera ikiwa usawa wa jicho, mita 1.6 hivi. Gawa kwa 35: ni sentimeta 28.6 na sentimeta 4.6. Weka modeli mezani. Igeuze simu kichwa chini miguu juu ili lenzi ishuke karibu na meza, iegemeze kwenye daftari mbili tatu mpaka lenzi ifike sentimeta nne na nusu juu ya meza, sentimeta 29 kutoka kwa kifaru, upande uleule aliosimama mpiga picha. Piga. Sasa ziweke picha mbili sambamba kwenye skrini moja, ukubwa sawa. Kama hujui alisimama umbali gani, jaribu 20, 30, 50. Utajua umefika pale mtutu na nyuma ya kifaru vitakapokuwa na uwiano uleule katika picha zote mbili. Mtutu ukionekana mkubwa kama mnazi, umesogea mno.

Tumezoea kuzitazama modeli zetu kutoka juu, kama ndege. Hakuna mtu aliyewahi kukiona kifaru hivyo isipokuwa rubani. Ukikishukia chini kwa usawa wa mtu wa sentimeta tano, kila uongo unajitokeza. Utaona gurudumu la tatu linaelea. Utaona pua imeinuka. Utaona kichwa kimekaa juu ya bodi kama kofia ya kuazima, na mwanga unapita katikati. Hayo yote hayamo kwenye karatasi ya maelekezo, na hayahitaji kipande cha shaba hata kimoja.

Fanya hivi kabla ya rangi. Mimi hufanya mara tatu: bodi ikiwa na magurudumu tu, kisha kichwa kikiwa kimewekwa bila gundi, kisha cheni zikiingia.

Magurudumu yanataka subira. Mikono ya magurudumu ya T-72 imeshikwa na tosheni baa, vyuma virefu vinavyojisokota kama springi, zinazovuka tumbo kutoka upande mmoja mpaka mwingine, na kwa kuwa baa mbili haziwezi kupita sehemu moja, magurudumu ya upande mmoja yametangulia kidogo yale ya upande wa pili. Ukitazama kutoka chini ukaona hayajalingana, usikate kitu, ndivyo yalivyo. Lakini kwa kimo lazima yote 12 yaguse chini. Kaa na kipande cha kioo cha dirisha, weka bodi juu yake gundi ikiwa bado laini, kisha pitisha karatasi ya daftari chini ya kila gurudumu. Karatasi ikipita bila kushikwa, lisukume lile gurudumu chini. Weka chupa ndogo ya maji juu ya bodi, ulale. Asubuhi utakuwa na kifaru chenye uzito.

Cheni. Kama ulijifunzia T-55, nadhani nakijua kitu ulichofanya: ulizibandika cheni juu ya migongo ya magurudumu. T-55 haina rola za juu, cheni yake inalala kwenye magurudumu yenyewe, na wengi tulianzia huko. T-72 ina rola tatu ndogo za juu kila upande. Cheni inatoka kwenye sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno linaloivuta, inapanda rola, inabembea kidogo kati ya rola na rola, halafu inashuka kwenda gurudumu la mbele. Sketi inaficha sehemu kubwa ya hayo, kwa hiyo usiuguze kichwa na kisichoonekana. Shughulika na vipande viwili vinavyobaki wazi, mbele karibu na taa na nyuma karibu na sproketi. Hapo cheni ya mpira inayokuja kwenye seti nyingi hukaa imenyooka kama mkanda wa cherehani. Cheni ya kweli ni chuma, inavutwa na ardhi. Ikaze chini kwa uzi mwembamba mweusi au kwa kipini ulichokitoboa ubavuni, mahali sketi itakapofunika. Kama seti yako ina pingili mojamoja, unga saba au nane kwanza gundi ikiwa laini, zikunje kwenye gurudumu, usubiri. Hiyo kazi ni ya jioni nzima na haina njia ya mkato. Weka redio.

Kabla sijasahau, jambo la thina. Kazi yangu ya kula ni bodi na rangi za magari, kwa hiyo dumu la thina halikosekani kwangu, na mwaka 2006 nilikuwa na kichwa cha kifaru kilichopakwa rangi vibaya. Nikakitumbukiza kwenye kikombe cha thina ya gereji nikitaka kuivua ile rangi. Mteja akaja, tukaongea bei. Niliporudi, ile kazi ya wiki tatu ilikuwa bigijii iliyotafunwa. Thina ya gereji inakula plastiki hii kama chumvi inavyokula bati la Mombasa. Kuvua rangi ya akriliki tumia Dettol isiyotiwa maji: paka, acha usiku, sugua kwa mswaki mzee na Dettol ileile. Usiipeleke kwenye maji mpaka rangi yote iwe imetoka, maana ikikutana na maji mapema inakuwa urojo unaonata kila mahali. Jaribu kwanza kwenye kipande cha fremu utakachotupa.

Sasa nije kwenye kitu ambacho kwangu ndicho roho ya T-72, na seti nyingi za zamani zimekidharau. Bodi ya kifaru hiki ni mabamba ya chuma yaliyochomelewa. Laini, yenye kingo kali. Kichwa ni chuma cha kusubu, yaani kimeyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu kama sufuria ya kusubu. Uso wake una mikwaruzo, mabonde na vipele, na ukitazama vizuri utaona alama pale kalibu ilipokutana. Ukivipaka vyote viwili rangi moja vikiwa laini sawa, umeshamwambia mtazamaji kwamba kitu hiki ni plastiki mwanzo mpaka mwisho.

Dawa yake ni gundi ya plastiki, ile nyepesi kama maji. Fungua dirisha, harufu yake si ya mchezo. Paka sehemu ndogo ya kichwa, upana wa sarafu. Hesabu mpaka tano. Utaona uso unapoteza mng'aro, umelainika. Chukua brashi kuukuu uliyokata nywele zake zikabaki fupi na ngumu, upigepige uso ule kwa ncha, wima, usipanguse. Hamia sarafu ya pili. Epuka paa, ambalo kwa sehemu kubwa ni bamba na halina vipele vile, na epuka mirija na vioo. Acha mpaka kesho yake. Kisha pitisha msasa namba 600 mara mbili tatu, wepesi kabisa, ili kuvunja vilele tu. Mara ya kwanza utazidisha, kila mtu huzidisha, kichwa kitafanana na fenesi. Kumbuka kipele cha milimita moja ni sentimeta tatu na nusu kwenye kifaru cha kweli. Unataka kitu ambacho kidole kinakihisi kabla ya jicho.

Unene ni ndugu wa jambo hilo. Madigadi ya plastiki yana unene wa milimita moja, yaani yangekuwa na unene wa milimita 35 kwenye kifaru cha kweli, ilhali ni bati jembamba tu. Ya mbele yakwangue kwa kisu upande wa ndani, pembeni tu, mpaka mwanga uanze kupita. Mtu haoni nyuma, anaona kingo. Au yakate kabisa utengeneze mapya kwa kopo la soda. Bati la kopo ni kama sehemu ya kumi ya milimita, sawa na milimita 3 na nusu za kweli, na lina faida nyingine: unaweza kulikunja pembe kidogo kama lililogonga mti. Hapa sisi watu wa bodi tuna upendeleo. Hakuna digadi la mbele la gari la kazi lililonyooka. Vishikio vya mkono vilivyofinyangwa kwenye plastiki vikwangue, uweke waya wa shaba kutoka kwenye kebo ya umeme, uzi mmoja wa nusu milimita.

Na gogo la nyuma, lile la kujikwamulia matopeni, usilipake rangi ya mbao. Vunja kijiti cha mti, unene wa penseli, chenye ganda la kukwaruza lakini dogo. Mimi napendelea mvinje. Kitu cha kweli hakihitaji kuigizwa.

Mtutu, kama nilivyoahidi. Kwenye seti nyingi unakuja nusu mbili, ukiziunga pana mshono juu na chini kutoka shina mpaka mdomo. Kata msasa uwe ukanda mwembamba, uuzungushe kwenye mtutu, uvute huku na huku kama mpiga kiwi anavyovuta kitambaa kwenye kiatu. Hivyo unabaki mviringo. Ukitumia tupa utapata mtutu wenye pande. Tatizo la mzinga huu ni kwamba una koti la kuzuia joto lenye mikanda yake, na ukivuta msasa unaifuta. Unaweza kuirudisha kwa ukanda wa selotepu ya alumini, ila kama una pesa ya kitu kimoja tu, basi mtutu wa chuma ndicho kitu chenyewe. Vile vya shaba vya vichungi vya injini, nafasi ya pili. Vingine vyote hapana. Mzinga ni wa milimita 125, kwa hiyo tundu lake kwenye modeli ni milimita 3.57, keekee yenye ncha ya 3.5 inatosha kabisa, zungusha kwa mkono tu, bila mashine.

Rangi. Ulisema uliipaka kijani, na ninaamini ulitumia kijani kilekile kilichoandikwa kwenye karatasi, moja kwa moja kutoka koponi. Kitu kikubwa ukikitazama kwa mbali, hewa iliyo katikati inakififisha. Modeli iko sentimeta thelathini na macho yako, hewa hiyo hakuna, lazima uitie kwa mkono: tone la rangi ya krimu au njano iliyopauka ndani ya kile kijani, kidogo kidogo. Nyeupe tupu inakifanya kiwe cha chaki. Kisha sehemu za juu zinazopigwa na jua zipauke zaidi ya ubavu. Usitumie mng'aro. Gari la harusi linang'aa, kifaru hapana.

Na wewe uko pwani, kwa hiyo sikiliza la mtu aliyepuliza rangi Tanga miaka yote. Usipulize asubuhi mapema wala mvua ikiwa imetoka kunyesha. Rangi na vanishi zenye thina zinapokauka hewani penye unyevu huvuta ukungu mweupe, na ile vanishi isiyong'aa uliyoiweka mwishoni inaufanya kifaru chote kionekane kimeoga majivu. Puliza mchana wa jua, chombo na modeli vyote vimekaa chumbani kimoja saa moja kabla, tabaka jembamba jembamba. Ukungu ukishaingia, mara nyingine tabaka jepesi la thina maalumu ya rangi hiyohiyo siku kavu linautoa. Nimesema mara nyingine.

Vumbi liwe la mahali. Vumbi la Voi ni jekundu, la kwenu kisiwani ni la matumbawe, jeupe kijivu, na uwanja wa mazoezi wa Ujerumani una mchanga uliopauka na matope ya kahawia. Usichote mchanga wa Nyali ukaumwaga kwenye cheni. Punje ya nusu milimita ni kokoto ya sentimeta karibu mbili. Saga chaki za rangi, chuja kwa kitambaa cha soksi ya kike, paka kwa brashi kavu sehemu za chini, na pale ambapo wafanyakazi watatu wa kifaru hukanyaga wakipanda: mbele karibu na dereva, juu ya digadi, kandokando ya mifuniko miwili. Pale viatu vinapopita rangi imelika, vumbi halikai. Penseli laini ya risasi ukiisugua kwenye kingo za hapo inatoa chuma kilichosuguliwa, na hapo ndipo mara ya kwanza mtu atakinyanyua kifaru chako akidhani ni kizito.

Mwisho ni zile namba na nembo za kubandika kwa maji zinazokuja na seti. Karatasi ina za nchi nne au tano, na mkono unawasha kuziweka zote. Rudi kwenye picha yako ya kifaru kimoja. Kama kina namba tatu ubavuni mwa kichwa, weka namba hizohizo pale zilipo, hata kama zimepakwa kwa mkono na zimepinda. Kama hakina kitu, karatasi irudi kwenye boksi.